Umeuliza Kama Mungu Atakukasirikia

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Nyanungu hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo tu, na ng'ombe wamepata malisho.

Unauliza: ukiacha utawa kabla ya nadhiri, Mungu atakukasirikia? Swali hilo limeninyima raha, maana nami niliwahi kuwa novisi, mwanafunzi wa utawa kama wewe, nikaliuliza.

Nilimfuata sista mlezi wetu shambani, nikamwambia nabaki kwa kuogopa adhabu tu. Nilidhani atanifokea. Akaweka jembe chini, akasema, "Binti yangu, Mungu hamfungi mtu kamba kama ndama. Mwambie ukweli wako, halafu umwamini."

Nikasali nikimwambia ukweli wangu, kisha nikaacha utawa, nikarudi nyumbani. Baba alinuna muda mrefu. Ila siku ile, njiani, nilisali kwa mara ya kwanza bila kumwogopa Mungu.

Sikuambii uondoke; wenzangu wengi walibaki kwa furaha. Nina wasiwasi juu yako, lakini sitakuamulia. Ukija, nitakupikia. Ukibaki, nitakuja siku ya nadhiri nipige vigelegele mpaka sauti inikauke.

Bibi yako,
Robhi