Kimya cha Amplifaya ya Kilo Ishirini na Mbili

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu, kitindamimba, kaja na zawadi. Kaiweka juu ya meza ya sebuleni, nikadhani ni kipande cha sabuni. Eti amplifaya. Amplifaya! Kitu unachoweza kukitia mfukoni ukaenda nacho dukani! Nikamuuliza transfoma iko wapi. Haina. Inapata joto? Wala. Sasa humo ndani inafanya nini — imelala?

Anasema ni ya daraja D, siku hizi nyingi ziko hivyo. Inawasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana haipotezi nguvu. Nikamwambia shuleni kwetu D ilikuwa ya wanaorudia darasa. Hakucheka. Mama yake alicheka, kisha akasema kitu ambacho sikukishika. Siku hizi mke wangu ananong'ona utadhani tuko maktabani. Uzee.

Kisa cha zawadi: ile yangu kubwa iko kwa fundi tangu mwezi uliopita. Kilo ishirini na mbili. Kuibeba, watu wawili. Hiyo ndiyo amplifaya, bwana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeisikiliza siku nzima, nisije nikaambiwa nina chuki binafsi. Tarumbeta zimepooza. Matoazi ndiyo hayapo kabisa! Mpiga ngoma anayagonga, najua anayagonga, santuri hii naijua kuliko vidole vyangu — lakini wapi. Kama kayafunika blanketi. Hiyo ndiyo D yenu. Inanyoa sauti za juu zote, haibakizi hata unywele.

Miaka thelathini na moja nimekaa chumba cha mitambo redioni. Walikuwa wananiita Sikio. Mtangazaji akianza mafua, nilijua kabla yeye mwenyewe hajajua. Leo niletewe sabuni, niambiwe ndiyo muziki?

Birika jipya nalo bovu. Nimeweka maji ya chai, nasubiri filimbi, nasubiri, kimya. Mke wangu kaja mbio kutoka uani: maji yamekauka, chini kumeungua. Eti lilikuwa linapiga filimbi mpaka jirani kachungulia. Watu wanapenda kutia chumvi!

Jumatatu, 10 Machi

Jirani yetu Mwalimu kapita. Wa hesabu, mstaafu. Mtu ambaye kwake muziki ni kitu cha kufungulia harusi. Kaketi, kasikiliza ile sabuni, kasema safi sana, kasikia hata mpiga gita akivuta pumzi. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu wewe! Redio yako mwenyewe umeifunga kwa waya wa kuanikia nguo!

Akasema basi tupime. Jumamosi, kubwa yangu ikisharudi. Amplifaya zote mbili nyuma ya shuka, spika zilezile, sauti sawasawa, raundi kumi. Nikitambua nane, atatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba ana masikio ya mbao. Nikishindwa, kilo zangu ishirini na mbili zinatoka sebuleni, zinakwenda stoo.

Mke wangu kakubali kabla yangu. Hilo nimelisikia vizuri sana. Miaka yote hii anaitaka ile nafasi aweke maua.

Na mimi nimekubali. Jina langu lote liko pale mezani, na wala sina wasiwasi.

Ijumaa, 14 Machi

Imerudi! Fundi kabeba upande mmoja, mimi upande mmoja, mgongo unanikumbusha hadi sasa. Kabadilisha kapasita zilizovimba. Akasema kuna kitu kimoja bado hakijamridhisha, akaanza kueleza huku kaingiza kichwa nyuma ya kabati — sikumwelewa. Nikamwambia aache mihadhara, awashe.

Kawasha. Ile taa ya njano. Lile joto, nikaweka kiganja juu yake kabisa. Nikamwambia: sikia kimya hicho, fundi. Sindano ikianguka utaisikia. Akanitazama muda mrefu. Nadhani imemgusa.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Fundi alikuwa nyuma ya shuka, anabadilisha. Kabla ya kuanza kazisawazisha sauti kwa mita, mambo yote kitaalamu. Mimi kwenye kochi, katikati, pahali pangu. Mwalimu kiti cha pembeni. Mke wangu na binti yetu mlangoni. Kila raundi naandika kwenye karatasi: kubwa au sabuni. Mwalimu naye kaomba karatasi, ajifurahishe. Nikampa, kwa huruma.

Na nikawa natoa somo! Raundi ya tatu nikawaambia, mnasikia ubaridi huu? Hii ni D, hata mtoto anaitambua. Raundi ya sita nikainua kidole kabla wimbo haujaanza: sasa sikilizeni kimya hiki. Kimya cha chuma na shaba. Hiki hakitengenezwi kwa sabuni! Mwalimu akajikuna shingo.

Matokeo. Mimi: tano.

Tano! Mwalimu akasema taratibu, wala si kwa kejeli, kwamba ukirusha sarafu mara kumi nayo itakupa kama tano hivi. Kisha fundi akasoma karatasi ya Mwalimu. Kumi. Kumi kwa kumi!

Nikang'aka. Umepewa majibu! Mmepanga na fundi! Mwalimu akasema hapana jamani, mbona ilikuwa rahisi. Kwa ile filimbi.

Nikauliza filimbi gani.

Niliwatazama mmoja mmoja. Hatimaye fundi akatoa kichwa nyuma ya shuka: ile kubwa inapiga filimbi tangu jana, nyembamba, ya juu, haikatiki. Ndicho alichokuwa ananieleza. Alishangaa niliposema kimya. Nikamgeukia mke wangu. Akasema ndiyo, baba, hata akiwa jikoni anajua imewashwa. Binti yangu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Raundi ya sita ilikuwa kubwa kweli. Ile niliipatia. Ndiyo inayoniuma kuliko zote nilizokosa.

Nikawaambia mnanichezea shere nyote, nikatoka nje bila viatu.

Jumapili, 16 Machi

Njama. Wote wameshirikiana. Basi.

Jumanne, 18 Machi

Fundi kaja kuondoa hiyo filimbi. Nikamzuia. Nikamwambia kwanza anionyeshe.

Katoa simu, ina programu ya kuchora sauti. Mstari umelala chini, halafu upande wa kulia, wa sauti za juu, mwiba umesimama peke yake, mitetemo elfu tisa na kitu kwa sekunde. Akazima amplifaya — mwiba ukaanguka. Akawasha — ukasimama. Akazima. Akawasha. Na masikioni mwangu hakuna kitu. Hakuna!

Kazini nilikuwa nawaambia vijana: ukibishana na mita, umeshindwa. Mmoja nilimtoa chumbani mbele ya wenzake kwa sababu alibisha. Alisema anayaamini masikio yake. Nilimcheka wiki nzima.

Nikamwambia fundi aunganishe ile sabuni, aweke santuri yangu. Matoazi yote yapo. Kwenye mchoro yanaruka hadi juu kabisa, kila pigo moja moja. Yalikuwepo siku zote. Nilikodoa macho kwenye ile simu kama mtu anayesoma barua ya wenyewe. Fundi hakusema neno. Heri angesema, ningepata wa kumtukana.

Nimemwambia asiirekebishe kwanza.

Jumatano, 19 Machi, saa nne asubuhi

Binti kapiga simu. Kapata nafasi kwa daktari wa masikio, keshokutwa. Nimesema nitaona. Naogopa. Haya, nimeandika.

Mke wangu kaketi mbele yangu, kikapu cha nguo mapajani, anakunja. Nimemwomba kitu, sijui ujasiri nimeutoa wapi. Nimemwambia kila akiisikia filimbi anyooshe mkono, ikikatika aushushe. Hakuuliza kwa nini. Swichi nimeikinga kwa mwili wangu asiione, maana bado nilitaka kumkamata anadanganya.

Nimewasha. Mkono juu. Nimezima. Mkono chini. Nimezima na kuwasha harakaharaka — kanifuata. Nimekaa dakika nzima bila kugusa kitu, nione kama atakosea. Hakukosea. Huyu niliyekuwa namwambia kila siku aache kunong'ona!

Kasema kitu. Nimemwambia arudie. Karudia, taratibu, ananitazama usoni, na maneno yamenifikia nusu, ya kati hayapo. Nimeitikia ndiyo. Sijui nimekubali nini.

Nimewasha tena, nimekuja kuketi na daftari hili. Sebule imetulia. Kimya kizuri ajabu. Nimemtazama juu ya miwani, nguo zimebaki mapajani.

Mkono wake bado uko juu.