Maji Miguuni pa Mama

Jumapili, 2 Februari
Nimetoa tena mazulia ya gari na kuyaanika ukutani. Majirani wameshazoea. La mbele kushoto ndilo linalolowa, ukilikamua linatoa maji kama tambara la deki. Mengine makavu. Ndani kunanuka nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Mama amefika jana kutoka Itumba na kesho nampeleka kliniki Vwawa. Pumu imemchosha mwaka huu. Kifua chake hakitaki harufu hii.

Jumatatu, 3 Februari
Kliniki salama. Amebadilishiwa dawa, arudi baada ya wiki mbili. Tulipofika nyumbani nikaona viatu vyake vimelowa. Njia nzima alikuwa ameweka miguu juu ya mfuko wa nailoni, kimya. Nikamuuliza kwa nini hakusema.
"Ungefanya nini, na tuko barabarani?"
Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 4 Februari
Leo mume wangu Elia kasema alichokuwa anakificha. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Kwa maoni yake, maji ni ya mama. Kila akija ana chupa yake ya maji, mikono inatetemeka, na panapolowa ni pale anapokaa yeye.
"Sisemi kwa ubaya, mama Neema. Nasema ninachokiona."
Nikamwambia hata mama akiwa Itumba zulia hulowa. Akauliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nilichemka tu.
Kati ya jiko na chumba cha wageni kuna ubao, si ukuta.

Jumatano, 5 Februari
Mama ameamka mzigo umefungwa. Anataka stendi. Nikamwomba angoje Jumamosi nimpeleke mwenyewe.
"Hapana, mwanangu. Nisije nikamwaga maji kwenye gari la baba Neema."
Alisema taratibu kabisa. Elia alikuwa mlangoni, akasikia, akatazama chini. Kwetu Ileje mkwe anachungwa kama moto. Kumsema mkwe ni jambo la kuitisha kikao. Nimempandisha basi dogo la Itumba. Hakunipungia mkono.


Alhamisi, 6 Februari
Mvua tangu alfajiri. Gari limeshinda nje ya ofisi, mimi nimeshinda na makaratasi ya malori ya shaba kule mpakani. Jioni nikapapasa zulia. Maji. Na hakuna aliyekaa hapo kutwa nzima. Nimempigia Elia hapo hapo. Akasema, "Basi ni kioo cha mbele kinavuja."
Basi ni kioo. Hivyo tu, bila kumtaja mama.

Ijumaa, 7 Februari
Gari nimelipeleka kwa fundi wa pale Mpemba, nje kidogo ya mji. Alichovya vidole kwenye maji ya zulia, akayasugua, akanusa. Si maji ya rejeta, hayatelezi wala hayana rangi. Si ya AC, maana kwa baridi hii ya Tunduma siiwashi. Mvua, akasema, inapita pembeni ya kioo cha mbele. Amezungushia silikoni. Imekaa vizuri. Nimerudi na matumaini.

Jumapili, 9 Februari
Imenyesha jana. Zulia limelowa vilevile. Nimelia ndani ya gari, na si kwa ajili ya zulia.
Nimempigia mama. Anapokea vizuri, anamuulizia mwanetu Neema, anaulizia kazi. Nikigusa kliniki anasema, "Tutaona." Maana yake hatakuja. Dawa alizopewa ni za wiki mbili tu. Bila hizo hulala ameketi. Nimemwona hivyo mwaka jana, sitaki kuona tena.
Elia alikuwa pembeni, amesikiliza yote. Nilipokata simu akasema Jumamosi tutafute wenyewe mpaka tupaone panapovuja.

Jumamosi, 15 Februari
Tumepaona.
Elia alitoa zulia, akajilaza chali, kichwa pale pa kuwekea miguu, simu mkononi kwa tochi. Mimi nje na mpira wa maji. Tulianza chini, tukapanda polepole. Mlango, pakavu. Dirisha, pakavu. Paa, pakavu. Kioo chenyewe, pakavu. Nikashusha maji kwenye shina la kioo, pale wiper zinapolala, nikayaacha yatiririke. Kwanza pakavu. Halafu akasema, "Hapo. Usiondoe."
Yalikuwa yanamdondokea usoni, kutoka kwenye boksi la feni ya hewa nyuma ya dashibodi.
Tukafungua plastiki iliyo chini ya wiper. Majani ya mgrevilea, mti wa jirani ambao gari hulala chini yake. Misimu mingapi sijui, yameoza yamekuwa mbolea, hata mche ulikuwa umeota. Tundu la kutolea maji limezibwa kabisa. Mvua ikinyesha maji hujaa humo, yakipanda huingia kwenye feni, yanashukia miguuni pa abiria. Tumechota kwa mikono hadi ndoo ikajaa. Elia akazibua tundu kwa waya wa hanga. Nikamwaga maji tena. Yakatoka yote chini, nyuma ya tairi. Ndani hata tone.
Sponji ya chini ya zulia tumeianika bandani. Gari nimelihamisha, halilali tena chini ya mti ule.
Elia alikaa kizingitini, shati limelowa. "Nimemsingizia mzazi wako."
Nikamwambia asiniambie mimi.

Jumapili, 16 Februari
Tumekwenda Itumba, Elia anaendesha. Mama alikuwa mlangoni anachagua maharage. Elia akachuchumaa mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Hakuzungusha maneno.
"Mama, yale maji ni ya mvua. Nilikosea kukusema. Nisamehe."
Mama aliendelea na maharage.  Kisha akaniuliza mimi kama Tunduma nako imenyesha. Nikasema sana. Akasukuma ungo, akanawa, akaingia ndani kuchukua sweta na kadi ya kliniki. Neno la kusamehe sikulisikia.
Alipanda nyuma, nami nikakaa naye. Isongole tukasimama kununua ndizi. Kurudi garini akafungua mlango wa mbele mwenyewe. "Nyuma kunanitikisa," akasema. Hakuna aliyemuuliza.
Mvua ilianza baada ya hapo, kubwa, ya kwenda nayo polepole. Kabla ya Mpemba alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, viatu vikavu, pumzi zinakwenda sawasawa. Elia akazima redio.