Titi Si Kifua

Mdogo wangu mpendwa,

Nimeketi kukuandikia mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kufunga dirisha lililokwisha kufungwa. Kazi ni ile ile: wanafunzi kumi na wawili wa shahada ya uzamili, ambao mwakani wataingia shuleni kufundisha afya. Jumatatu mmoja wao, tunayemwita Mheshimiwa kwa sababu ya tai yake, alifanya mazoezi ya somo la saratani. Akatuambia, kana kwamba sisi ni wasichana wa sekondari, tujipapase “kifua”.

“Kifua kina mapafu,” nikamkatiza. “Sema titi.”

“Mama, naona haya mbele yako.”

“Haya yako itamchelewesha mtoto wa watu. Sema!”

Akasema, jasho likimtiririka. Darasa likacheka. Mimi sikucheka nao.

Maana mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari, kijana wa umri wa mwanao, nikamwambia kwamba kifua kinanisumbua. Akaagiza nipigwe picha ya mapafu, kisha akanipa dawa ya kikohozi. Nimeimaliza chupa nzima, wala sikohoi.

Basi naliandika hapa: nina uvimbe katika titi la kushoto. Alhamisi narudi kwa daktari yule yule. Njoo ukae kando yangu, na nikisema tena “kifua”, usinionee haya, nikatize.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa nikisahihisha barua zako kwa wino mwekundu.