Kumbe Haikuwa Kisonono

Mama Brian,

Salamu kutoka Nakuru, mvua inanyesha tangu asubuhi. Simu hushiki, kwa hivyo naandika kadi hii. Ile damu kwenye mkojo wangu, iliyofanya kliniki itumezeshe wote wawili dawa za kisonono hadi ukarudi kwenu, ni saratani ya mrija wa mkojo. Daktari aliita wanafunzi wanitazame.

"Mzee, hii ni nadra sana."

"Daktari, sijawahi kuwa nadra kwa lolote."

Wanafunzi walicheka, yeye hakucheka. Saratani imefika kwenye tezi za kinena. Watakata, kisha wanichome kwa miale, lakini daktari hakuniahidi kufika Krismasi.

Kadi haina bahasha makusudi: karani wa posta na dada zako wasome kwanza kwamba sikuwa na mwanamke mwingine.

Ubaki na afya, mama, hata usipokuja.

Baba Brian