Kumbukumbu za Kikao cha Kujadili Filamu ya “Mkwe wa Vigwaza”, Pamoja na Suala la Machozi ya Bi Tabia

UMOJA WA WATAZAMAJI FILAMU KAOLE (UWAFIKA)

Siku: Jumamosi, baada ya sala ya alasiri
Mahali: Barazani kwa Bi Kuruthumu, mwenye televisheni

Waliohudhuria:
Mzee Shuaibu – Mwenyekiti
Adila – Katibu
Bi Kuruthumu – Mjumbe na mwenyeji
Mzee Hija – Mjumbe, mume wa mwenyeji
Bi Tabia – Mjumbe
Ndugu Mrisho – Mjumbe

Asiyehudhuria: Ndugu Dadi, yuko harusini Fukayosi (kwa udhuru).

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwasalimu wajumbe na kuwashukuru kwa kuja. Alibaini kwamba Bi Kuruthumu na Bi Tabia wamekaa ncha mbili za baraza, na kwamba salamu ya Bi Tabia ilijibiwa na Mzee Hija peke yake. Alisema hilo lina agenda yake.

KUMB. NA. 2: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Ndugu Mrisho aliarifu kwamba maoni ya Umoja kuhusu albamu mpya ya taarabu yamewafikia wanabendi wenyewe. Mpiga kinanda wa bendi hiyo alikutana naye soko la samaki akamuuliza, “Nyie watu wa Kaole mnajua nini cha muziki?” Ndugu Mrisho alimjibu kwamba wanajua wimbo ukiwa mrefu kuliko maneno yake. Kikao kilisimamia maoni yake ya awali: nyimbo mbili nzuri, zilizobaki ni kinanda tu.

KUMB. NA. 3: MAONI KUHUSU FILAMU

Mwenyekiti alikumbusha kwamba “Mkwe wa Vigwaza” ni filamu ya vijana wa Bagamoyo, na kwamba wajumbe wawili wameigiza humo: Mzee Hija kama baba anayefariki na kuacha shamba la minazi, na Bi Tabia kama mjane wake. Hivyo maoni yatolewe bila upendeleo.

Ndugu Mrisho alisifu sehemu ya watoto kugombania shamba, akasema wapo watu wa Kaole watakaojiona humo. Hata hivyo alihoji kwa nini nyumba inayoitwa ya kitajiri ya Masaki ina banda la kuku la jirani yake Mrisho wa hapa Kaole, na kwa nini msibani umepigwa muziki wa singeli. Katibu aliongeza kwamba maiti alifunikwa shuka la maua, na kwamba tumbo la marehemu lilionekana likipanda na kushuka.

Mzee Hija alijitetea kwamba mwongozaji alichelewa kusema “kata”, na yeye ni binadamu. Ndugu Mrisho alitoa hoja kwamba mjumbe aliyeigiza maiti asipige kura ya alama, kwa sababu maiti hapigi kura. Mzee Hija aliomba mwenzake afute kauli. Haikufutwa. Mwenyekiti aliamua kwamba waigizaji wote wawili watachangia maneno tu.

KUMB. NA. 4: SUALA LA MACHOZI YA BI TABIA

Mwenyekiti alieleza kwamba tangu filamu iwekwe mtandaoni, Bi Kuruthumu na Bi Tabia hawasemezani. Alisema hawa ni mashoga tangu utotoni, wamechezwa ngoma pamoja, na mkeka waliokuwa wakiusuka kwa pamoja umekwama nusu. Bi Kuruthumu ameshamwambia kwamba Bi Tabia akiendelea kuwa mjumbe, Umoja utafute baraza jingine na televisheni nyingine. Aliombwa aeleze alichokiona.

Bi Kuruthumu alisema hana ugomvi na mtu. Alisema yeye ni mtazamaji na anatoa maoni kama wenzake. Maoni yake ni kwamba kilio kile hakikuwa cha kuigiza.

“Mimi nimeishi na Hija tangu binti,” alisema. “Ameumwa, ameanguka mnazi, sijamlilia vile. Huyu kaambiwa alie kidogo tu, kalia mpaka kanga imelowa! Harusi zote nilizokwenda tangu siku hiyo, wanawake wananiuliza: ‘Bi Kuruthumu, mwenzio vipi?’ Niwajibu nini?”

Mzee Hija aliomba nafasi ya kusema. Alinyimwa na mkewe kabla Mwenyekiti hajajibu.

Bi Tabia alisimama. Kwa kuwa maneno yake yalikuwa na uzito, Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa:

“Kuruthumu, siku ile machozi yalikataa. Mwongozaji anasema lia, mimi nacheka. Wakanipaka kitunguu, nikapiga chafya. Watu wamechoka, jua kali. Ndipo mumeo, huko huko chini ya shuka, akaninong’oneza. Akasema, ‘Tabia, siku hii ikija kweli, mwenzio usimwache alale peke yake wakati wa masika. Anaogopa radi. Hasemi. Huamka akajifanya anatazama kama bati linavuja, kumbe anataka na mimi niwe macho.’ Nikakuona uko peke yako chumbani, mvua inapiga, umesimama unatazama bati, na kitandani hakuna wa kumwamsha. Machozi yakaja yenyewe. Hija nimlilie nini, naye alikuwa anapumua pale? Nilikulilia wewe.”

Mwenyekiti alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena.

Bi Kuruthumu alimgeukia mumewe.

“Ulikuwa unajua?”

“Tangu mwaka tuliooana.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesema, ungeacha kuniamsha.”

Bi Kuruthumu alishika ncha ya mtandio wake, akaikunja na kuikunjua. Ndugu Mrisho aliuliza kama haya nayo yanaandikwa. Bi Kuruthumu alisema yaandikwe, ila neno “anaogopa” libadilishwe liwe “hapendi”. Ombi lilikubaliwa na wajumbe wote, lakini Katibu alikuwa ameshaandika kwa wino.

Bi Kuruthumu alisema kwamba koo limemkauka, anakwenda kutia chai motoni. Alipofika mlangoni alisimama, akasema bila kugeuka: “We Tabia, hivyo vikombe vitajileta vyenyewe?” Bi Tabia alikusanya kanga yake akamfuata ndani.

Azimio: Mwenyekiti alitamka kwamba suala limekwisha, na lisiulizwe tena harusini wala kisimani.

KUMB. NA. 5: ALAMA NA MAPENDEKEZO

Waliobaki barazani wenye haki ya kura waliipa filamu alama sita kwa kumi. Ilipendekezwa vijana wapongezwe, wanunue shuka jeupe, na singeli iwekwe kwenye harusi ya mwisho wa filamu, ambako ndiko mahali pake. Mzee Hija alisema kwamba kwa upande wake filamu inastahili tisa. Maoni yake yalisikilizwa.

KUMB. NA. 6: MENGINEYO

Ndugu Mrisho aliulizia chai. Mwenyekiti alimtuma Mzee Hija akaangalie. Mzee Hija alifika mlango wa jikoni, akasikiliza, akarudi. Alieleza kwamba sufuria haijatiwa moto, kwamba wanawake wale wameketi kwenye mbuzi moja ya kukunia nazi iliyo ya mtu mmoja, mara wanacheka, mara mmoja anapenga kamasi, na kwamba yeye hawezi kuingia. Mwenyekiti alimtuma Katibu. Katibu naye alikataa.

KUMB. NA. 7: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao kwa dua kabla ya adhana ya magharibi, bila chai na bila mwenyeji, akawataka wajumbe wavae viatu vyao taratibu na kuondoka bila kuaga, wasije wakawakatiza.

……………………
Shuaibu, Mwenyekiti

……………………
Adila, Katibu