Fungu la Mama Shirin

Jumamosi, 5 Juni 1993

Upande wa barabarani umekwisha kuchimbwa leo. Viazi vizuri, mvua ilituonea huruma. Mgongo wangu haukunionea.

Mume wa mwenzetu Pili amelalamika fungu lake dogo. Mara yake ya kwanza kufika Buhongwa msimu mzima, na mdomo ndiyo jembe lake. Nikamweleza taratibu, Mungu anajua nilivyojizuia. Hili ni shamba la ubia. Kabla ya kupanda kila nyumba inatoa chochote, fedha au nguvu. Kila Jumamosi tunagawana kilichotoka. Kikijaa tunashiba wote, ukame ukija tunalala njaa wote. Ndivyo tulivyoanza wanaume wa Mkuyuni walipopunguzwa kiwandani, yeye akiwamo. Akabeba.

Mama Shirin alifunga duka lake la vitambaa mapema akaja kumenya nasi. Ardhi ni yake. Marehemu mumewe aliinunua ajenge ghala, hakujenga, na mama huyu hajawahi kutudai hata kiazi cha kodi. Anachukua fungu lake moja kama wengine. Tumekata viazi vipande vya michembe tukaianika juu ya jiwe, yeye akitutania kwa Kisukuma. Kisukuma chake kinawashinda wanangu. Tunajuana tangu mapacha wangu wananyonya. Leo alikuwa na furaha kupita kiasi. Nimefurahi naye.

Jumatano, 9 Juni

Gari. Vijana wamevaa viatu, wana futi kamba. Wamechomeka vigingi katikati ya matuta, viazi vingine wamevitoboa. Nikauliza kwa idhini ya nani. Wakasema shamba limeuzwa, tajiri anajenga stoo ya minofu ya samaki. Nimewafukuza kwa jembe. Mmoja akacheka, "Mama, siku hizi kila kitu ruksa!"

Siamini. Mama Shirin angeniambia.

Alhamisi, 10 Juni

Nimekwenda dukani. Mama hayupo, yuko Karim mwanawe. "Shikamoo, mama." Marahaba. Nikamuuliza. Hakuzunguka. Ni kweli, shamba limeuzwa tangu Desemba. Nyumba pia. Wanahamia Kanada wote. Alikuwa bado anasema, nikatoka.

Desemba! Desemba tulikuwa tunakusanya michango. Tulikata marando ya viazi naye, akapanda mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka magotini. Akijua. Miezi yote hii amekaa mbele yangu, anacheka, anajua.

Sikupika. Baba Kulwa kasonga ugali, umetoka uji. Tumekunywa.

Jumamosi, 12 Juni

Hakuja. Nimewaambia akina mama. Pili alilia kwanza, halafu akatukana. "Mhindi ni Mhindi tu." Nikamkemea, kwa kuwa sikutaka kusikia hivyo. Lakini rohoni nilikuwa nasema yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumechimba hivyohivyo. Shamba bila wimbo ni kama msiba.

Jumanne, 15 Juni

Amekuja nyumbani. Nilimwona kwa mbali na mwavuli wake mweusi. Nimejifungia chooni. Nimesikia Baba Kulwa anamkaribisha, anamdanganya kwamba nimekwenda Misungwi kwa wifi yangu. Amekaa muda mrefu. Amekunywa maji. Nimetoka akishaondoka, nzi wamenijaa, mtu mzima mwenye wajukuu.

Baba Kulwa hakunisema. Afadhali angenisema.

Jumamosi, 19 Juni

Ardhi haina kiazi tena.

Tumepanga mafungu chini, mengi kuliko mwaka jana. Kama kawaida nikageuka nyuma nisione, Pili akawa anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Mimi nataja jina. Ndivyo tunavyogawa, asije mtu akasema amepunjwa.

Nilikuwa nimeshataja watatu wanne niliposikia kapu linawekwa chini. Akawaamkia wote. Kisha akasema nyuma yangu, "Mama Kulwa, nimekuja kuaga."

Sikugeuka. Nikasema, "Pili, endelea."

Hili la nani? La Mama Neema. Hili? La Yohana. Nilikuwa nasikia anavyopumua, ana pumu ya siku nyingi. Nikataja wote. Nikataja hata mume wa Pili. Likabaki moja. Pili akauliza, "Na hili?" Akarudia, sauti imepungua, "Mama Kulwa, na hili?"

Nikasema majina yamekwisha.

Mama Shirin akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kama mtu aliyepewa. Nilipogeuka alikuwa ameshafika barabarani, kapu linaning'inia tupu mkononi.

Nilidhani nitajisikia vizuri.

Jumatatu, 21 Juni

Fungu lake bado liko pale shambani. Hakuna aliyeligusa. Pili, aliyemtukana kuliko wote, hanisemeshi.

Usingizi hauji. Ana kosa. Nina haki ya kukasirika. Lakini hata mchawi hupewa fungu lake.

Ijumaa, 25 Juni

Nimejaza viazi vyake kwenye gunia, nikajitwika mpaka Mkuyuni. Njiani nilipanga maneno. Nitamgombeza kwanza, halafu nitamkumbatia.

Duka limefungwa. Karim alikuwa ndani anafunga masanduku. Mama ameondoka Jumatano.

Nikakaa juu ya gunia. Karim akaniletea maji, akamalizia yale niliyomkatiza siku ile. Mnunuzi alitaka kukabidhiwa ardhi Januari. Mama akagoma kutia sahihi ya kuikabidhi mpaka kiazi cha mwisho kitoke. Mke wa Karim na watoto walitangulia. Nyumba ilishachukuliwa na aliyeinunua, kwa hiyo msimu mzima mama alilala humo stoo ya duka, kwenye marobota ya vitambaa, na pumu yake na vumbi lile. Waligombana kila wiki. Karim akimwambia, basi waeleze wenzio. Yeye akisema, wakijua hawatapanda, wasipopanda watakula nini?

Halafu Karim akanishukuru. Alikuwa amemuuliza mama yake tuliagana vipi. Mama akamwambia tuliagana vizuri sana, na kwamba Mama Kulwa alimpa fungu kubwa kuliko yote, ila akawaachia akina mama kwa kuwa ndege hairuhusu mizigo.

Nikamwambia Karim, "Haya, asante. Mfike salama." Ndiyo maneno yaliyotoka. Nikajitwika gunia nikarudi nalo. Nimelia barabara nzima na sikujificha uso, waniangalie wanaotaka.

Jumapili, 27 Juni

Baada ya misa nimewaita akina mama. Nimewaeleza yote, na la stoo, na la fungu. Pili alijifunika kanga usoni. Mama Neema akauliza kama tunaweza kuandika barua. Hakuna mwenye anwani, na Karim ameshaondoka.

Marando tumeyahamishia bondeni kwa wifi yangu Misungwi, yasikauke kabla ya mvua. Ni mbali. Wengine hawataweza kwenda.

Mchana tulikaa uani kwangu tukavimenya viazi vya gunia, tukavikata, tukavianika. Hakuna aliyeuliza michembe hiyo ni ya nani.