Mkhari Ni Nani?

Mombasa, 4 Februari 2025

Dada Nyevu,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na mama mko wazima huko Garsen. Mimi afya ninayo, na hasira ninayo. Kwenye WhatsApp nimekufungia, ndiyo maana nakuandikia barua pepe.

Nimeitazama video yako mara mbili, nikidhani sikusikia vizuri. Tangu tukiwa bwenini, wewe Mgiriama kitanda cha juu, mimi Muorma cha chini, tumebishana kuhusu tamthilia yetu ya Mpaka wa Anga: kwa nini Wakhari, maadui wenye jeshi kubwa namna ile, wanashambulia sayari dhaifu, wanashinda, kisha wanageuza meli na kuondoka? Ni mimi niliyekwambia kwamba meli zao za mbele hazina mizinga kwa sababu zimebeba wazee na watoto. Wanafuata barafu. Wakishajaza maji, wanaondoka. Hawaji kuteka, wana kiu.

Wewe umeichukua nadharia yangu ukaipindua. Ati meli zisizo na mizinga hutangulizwa makusudi, ili uone huruma usipige. Ati "kama wafugaji wetu wa Tana: ng'ombe kwanza shambani, mikuki nyuma." Ukacheka. Kaka yako Ziro akaandika chini yake, "Wakhari wa hapa tunawajua," nawe ukamwekea alama ya moyo.

Hao wafugaji ni nani, Nyevu? Baba yangu? Ifute.

Dadako, kama bado unanihesabu,
Ruwaida


Garsen, 7 Februari

Dada Ruwaida,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama ana kikohozi cha vumbi tu. Jua la huku unalijua. Na wewe, duka la dawa linaendeleaje?

Siifuti. Watu elfu arobaini wameitazama. Hakuna aliyewahi kunisikiliza hivyo nikiuza kava za simu. Na nadharia si mali ya mtu. Isitoshe, yako ina tundu: kama Wakhari wanataka maji tu, mbona msimu wa pili walichoma maghala ya chakula kwenye mwezi wa Ashiri? Mwenye kiu hachomi ghala. Hilo hujawahi kunijibu.

Na usinifundishe kutoa mifano. Hukuwepo shambani Kulesa mwaka jana mahindi ya mama yalipoliwa yote na ng'ombe. Mama alikaa chini katikati ya mabua, akawa anayasimamisha kwa mkono kana kwamba yatashika tena. Nani kutoka kwenu alikuja kumpa pole? Wewe uko Mombasa chini ya feni, unawaonea huruma Wakhari. Mimi niko huku.

Nduguyo,
Nyevu


Malindi, 19 Februari

Nyevu,

Leo sikuulizi hali.

Niko hospitalini, kando ya kitanda cha kaka yangu Liban. Juzi alikuwa akishusha ng'ombe mtoni kupitia malka, njia ileile ya mifugo ambayo wazee wenu na wetu walikubaliana. Vijana walikuwa wamemvizia na marungu. Wamemvunja mkono na taya. Walikuwa wakimpigia kelele, "Mkhari, rudi angani!"

Liban hajawahi kutazama tamthilia ile hata dakika moja. Hana simu ya kutazamia. Taya imefungwa kwa nyaya, kwa hiyo alinishika kiganja akaandika kwa kidole, herufi moja moja: Mkhari ni nani?

Nimjibu nini? Nimweleze msimu wa pili?

Uliniuliza kuhusu maghala. Sijui, Nyevu. Sijui kwa nini waliyachoma. Na sikuhitaji kujua ili niwaache watu wa watu salama.

Ruwaida


Garsen, 16 Machi

Ruwaida,

Najua kwenu hakuna uzima wa kuulizia, kwa hiyo salamu yangu ni fupi: poleni. Mama kikohozi kimeisha, ila haongei nami. Utaelewa.

Video niliifuta siku niliyopata barua yako. Haikusaidia. Watu walishainakili, inazunguka. Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa nawakasirikia watu wote, nawe ukiwemo, na kujikasirikia mwenyewe. Kisha Ziro akaja kula kwetu. Katikati ya ugali akasema, "Taya ililia kama kijiti kikavu."

Nikamuuliza, "Taya ya nani?"

"Ya Mkhari. Si wewe uliyetufundisha, dada? Usingoje wafike shambani. Piga wa mbele."

Hakusema uongo. Ndivyo nilivyomalizia ile video.

Nilikwenda Malindi. Wewe ulikuwa umesharudi kazini. Liban aliitazama simu mkononi mwangu, akasema kwa meno yaliyobanwa, "Umekuja kunirekodi?" Niliitia simu mfukoni nikatoka nje.

Jumatatu iliyopita niliandikisha taarifa kituo cha polisi. Nimemtaja Ziro na wenzake wawili, na wamekamatwa. Mama alinisubiri mlangoni. "Umemuuza ndugu yako kwa ajili ya sinema," akasema. Vitu vyangu alikuwa ameshavitoa nje. Nalala kwenye kiduka changu cha kava. Nikipita, vijana wananiita Mkhari.

Sikuombi unisamehe. Mahindi ya mama yananiuma bado, na sitasema hayaniumi ili nikufurahishe. Kesi ni tarehe 27, hapa Garsen. Nitasema nilichosikia kwa Ziro, na nitasema nilichokisema mimi.

Nyevu


Mombasa, 25 Machi

Nyevu,

Nimemsomea mama barua yako kwenye simu, nikiitafsiri kwa Kiorma. Aliisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Huyo msichana analala dukani?" Nikamwambia ndiyo. "Mlango wake ni wa nini?" Wa mabati, nikamwambia. Akaguna.

Usidhani hasira imeisha. Mkono wa Liban umeunga vibaya, hawezi kukamua. Siku nyingine nakuchukia wewe kuliko Ziro, maana Ziro sikuwahi kulala naye chumba kimoja nikimweleza mambo yangu. Tamthilia ile sitaitazama tena. Usinitumie nadharia yoyote.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho napanda basi la asubuhi. Nitalala nawe dukani, kwa sababu mama amekataa ulale peke yako kabla ya kesi. Futari nitakuja nayo mwenyewe. Keshokutwa tutatoka pamoja, tutembee pamoja hadi mahakamani, na wakikuita jina lile njiani watatuita wawili.

Ndani nitakaa na kaka yangu. Ukimaliza kutoa ushahidi, usije kukaa upande wetu.

Ruwaida, dadake Liban